Habari za Baba Yetu, Mwoka Mikate wa Kinampanda

Kinampanda,
Kiomboi – Iramba,
Singida.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Peniel,

Marahaba. Nimeanza kuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungeanza na shikamoo. U hali gani huko Lubumbashi? Kile kifua kinachokusumbua wakati wa vumbi kimetulia? Wifi yangu Catherine hajambo? Na Kristina, ameshazoea shule, au bado analia kila asubuhi kama ulivyoniambia?

Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama miguu inamuuma hasa kukiwa na baridi, lakini anatembea mwenyewe mpaka kanisani na hataki kushikwa mkono. Shemeji yako Joshua anaendelea na alizeti zake. Magreth wangu yuko kidato cha tatu, amekuwa mrefu kuliko mimi, ukimwona hutamjua.

Barua hii naituma kwa mkono wa Michael, yule dereva wa Manyoni anayefika kwenu na lori. Ungeweza kuuliza kwa nini nisipige simu tu. Peniel, nilipokupigia siku ya msiba niliweza kusema neno moja, tukalia wote wawili mpaka salio likaisha. Tangu hapo kila tukiongea tunazungumzia hali ya hewa. Haya ninayotaka kukueleza hayakai kwenye simu. Nataka uyasome ukiwa umekaa, na ukitaka uyasome tena.

Kwanza msiba. Baba alifariki Alhamisi tarehe saba Agosti, saa mbili asubuhi, kitandani kwake. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba moyo umechoka na hakuna la kufanya ila kumpumzisha, na yeye mwenyewe aliomba arudishwe nyumbani. Asubuhi ile Mama alimpa uji, akanywa vijiko viwili, akasema unatosha. Mama akaenda kusuuza kikombe. Aliporudi, Baba alikuwa ameshaondoka. Hakuhangaika. Kwa hilo namshukuru sana Mungu.

Tulimzika Jumamosi. Watu walikuwa wengi, kanisa halikutosha, wengine walisimama nje chini ya madirisha. Wanachuo wa ualimu walikuja na walimu wao. Walikuja hata walimu wastaafu waliosoma hapa zamani, mmoja ametoka Mbeya, akasema miaka yake miwili ya chuo aliishi kwa mkate wa Mzee Nathanaeli na chai ya rangi. Mchungaji aliposema kwamba karibu kila harusi ya Kinampanda tangu mwaka themanini na nne imekula mkate wa mikono ile, watu waliitikia kwa sauti kana kwamba ni sala.

Unamkumbuka alivyokuwa. Aamke saa tisa na nusu alfajiri, awashe kuni ndani ya tanuri, halafu akae nje na redio yake hadi moto ushuke. Akishaondoa makaa anapangusa sakafu ya tanuri kwa gunia lililoloa, kisha anarusha unga kidogo ndani. Ukiungua papo hapo anasema, "Bado lina hasira." Ukigeuka kahawia taratibu, ndipo anaingiza mikate. Sisi watoto tulikuwa tunagombania nani arushe ule unga. Wewe ulikuwa unarusha konzi nzima, na hakukukemea hata siku moja.

Na unakumbuka lile duka lilivyokuwa halina mlango. Miaka arobaini na moja, pazia la gunia tu. Siku moja mbuzi wa jirani yetu Mama Scholastika waliingia wakala mikate ya kipaimara, watu wakamshauri aweke japo mlango wa bati. Akajibu kwamba mkate unahitaji hewa. Nasi tukaamini. Hata nje ya duka, alikuwa hawezi kuingia nyumbani kwa mtu hata kama mlango uko wazi. Atasimama pembeni, siyo mbele, apige hodi mara tatu kwa sauti ya kuamsha kijiji, na angoje mpaka mwenye nyumba atoke. Tulikuwa tunamcheka. Tulidhani ni mambo ya jeshi.

Yalikuwa mambo ya jeshi kweli, lakini si kwa namna tuliyodhani.

Mwanzoni mwa Juni nilikuwa nimeshachukua kazi ya kukanda, maana mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Yeye alikaa kwenye kigoda ananielekeza. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunatayarisha mikate ya ibada ya kesho yake. Nikamwuliza kwa utani tu, "Hivi Baba, kazi hii ulifundishwa na nani? Babu alikuwa mfyatua matofali, wala Kinampanda nzima hapakuwa na mwoka mikate." Akaniambia nifunike donge, ninawe, nikae.

Peniel, nitakuandikia alivyonieleza, bila kuongeza.

Unajua kwamba mwaka sabini na nane alichukuliwa kutoka mgambo akapelekwa vitani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaoa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata walivuka mpaka, wakafika mji mdogo ambao askari wa Amini walikuwa wameukimbia siku mbili kabla. Waliamriwa wapite nyumba kwa nyumba kuhakikisha hakuna aliyejificha na silaha. Baba alikuwa na mwenzake, Simeoni wa Ihanja. Ndiye huyo huyo Mzee Simeoni unayemjua, yule mrefu aliyekuwa akija kila mwaka baada ya mavuno na kuku wawili wamefungwa miguu.

Wakafika kwenye jengo moja lenye mlango wa mbao uliofungwa. Baba akaita kwa Kiswahili, waliomo watoke. Kimya. Akaita tena. Ndani kikaanguka kitu cha chuma, mlio mkubwa. Baba akafyatua risasi kupitia mlangoni.

Hapakuwa na askari mle ndani. Alikuwamo mwoka mikate, jina lake Kaggwa, amejificha chini ya meza na mke wake na mtoto wao mchanga. Walikuwa hawajui Kiswahili cha kutosha, wala hawakujua anayeita ni nani. Kilichoanguka ni mabati ya kuokea mikate. Risasi ilimpata Kaggwa kwenye kiwiko cha mkono wa kulia.

Hakufa. Tabibu wa jeshi alimfunga, akapona kidonda, lakini mkono ule haukufanya kazi tena. Vidole havikukunjika.

Kikosi cha Baba kiliachwa pale miezi minne kulinda daraja. Kila akimaliza zamu yake, Baba alikwenda kwa Kaggwa. Anachota maji, anapasua kuni, anaondoka. Hakuna aliyemwambia neno. Mke wa Kaggwa akimwona anageukia ukutani. Baba alisema siku tisa zilikwenda hivyo. Siku ya kumi Kaggwa alitoka, amefungwa mkono shingoni, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mkono yangu umevunja. Leta yako."

Basi Baba akaingia ndani, akanawa, akaanza kukanda. Kaggwa anasimama pembeni, anamwonyesha kwa mkono wa kushoto, akikosea anampiga begani kama mtoto. Hivyo ndivyo Baba yetu alivyojifunza kuoka mkate. Kwa karibu miezi minne alikuwa ndiye mkono wa Kaggwa, na mji ule ukapata mkate. Siku kikosi kinaondoka, yule mama alitoka na mikate miwili ndani ya kitambaa, akampa Baba mkononi. Bado hakusema neno. Baba aliniambia kwamba katika maisha yake hakuna kitu alichopewa kikawa kizito kama kile.

Aliporudi, kitu alichojua kufanya ni kulima na kuoka. Akajenga tanuri. Mlango akasema hapana.

Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia. Siku ile hakulia pia, lakini alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia muda wote, nadhani hata yeye hakujua.

Ndipo akakutaja wewe.

Mdogo wangu, najua jeraha lako liko wapi. Nilikuwapo nyumbani asubuhi ile ya usaili wa jeshi pale Kiomboi. Nilikuona ukipekua sanduku, ukipekua chini ya godoro, ukilia kwa hasira kama mtoto na wewe una miaka ishirini na moja. Ulipokosa vyeti, usaili ukapita. Na jioni ile Baba akaja akaviweka mezani bila kusema kitu, akaenda zake kwenye tanuri. Hukumwuliza. Hakukueleza. Wiki haikuisha ukawa umeondoka, na leo ni miaka kumi na moja. Uliniambia siku moja kwamba Baba alikuona hufai, kwamba yeye mwenye nishani ya vita hakutaka kuaibishwa na mtoto kama wewe. Hata mimi sikumwelewa.

Nilimwuliza siku ile ile, kwa nini alifanya vile. Aliniambia: "Peniel alipokuja na habari ya jeshi, nilimwona amesimama mbele ya mlango wa Kaggwa. Nikaona bora anichukie mimi."

Nikamwambia, lakini si ungemweleza. Akasema kumweleza nusu isingewezekana, na yote alikuwa hajawahi kumweleza mtu, hata Mama. Akasema kuchukua vyeti vya mtu ni wizi, na kwamba alikukosea. Alisema hivyo hasa, Peniel: "Nilimkosea." Akasema jeshi ni kazi ya heshima na wako watoto wa watu wanaoifanya vizuri, ila yeye alishindwa kuiona heshima hiyo juu ya mtoto wake kwa sababu ya hofu yake mwenyewe.

Nikamsihi akwambie kwa mdomo wake. Kesho yake baada ya ibada nikakupigia, nikampa simu. Unaikumbuka ile simu ya Juni? Alikuuliza kama mvua zimekoma huko, akauliza Kristina ana meno mangapi yaliyong'oka, akauliza kama mkate wa huko ni mzuri, halafu akanirudishia simu. Wewe ukaniambia, "Dada, leo mzee ameongea sana." Nilitoka nje nikalia nyuma ya tanuri. Alipoona nimerudi aliniambia tu, "Utamwambia wewe. Unajua kueleza kuliko mimi."

Basi nimekuambia. Lakini habari haikuishia hapo, na hii iliyobaki Baba hakunieleza.

Siku ya maziko walikuja wazee watatu waliopigana naye, wamevaa makoti na nishani zao. Mmoja alikuwa Mzee Simeoni. Amezeeka sana, anatembelea fimbo, alitoka Ihanja kwa basi peke yake. Baada ya watu kupungua aliomba akae mle dukani kwa Baba. Nikampeleka, Mama akaja, tukakaa watatu. Akaniuliza kama Baba aliwahi kutueleza habari ya Kaggwa. Nikamwambia ndiyo, mwezi wa sita. Mama naye nilikuwa nimeshamweleza.

"Alisema nani alipiga?"

Nikamjibu kwamba alisema ni yeye.

Mzee Simeoni akaweka fimbo chini. Akasema, "Tulipiga wawili."

Peniel, mlango ule ulikuwa na matundu mawili. Walifyatua kwa pamoja, kila mmoja risasi moja, na ndani alipatikana mtu mmoja mwenye risasi moja. Nyingine iliingia ukutani. Hakuna aliyejua ni ya nani, wala hakuna ambaye angeweza kujua. Mkubwa wao alipofika kuuliza nani amempiga yule raia, Baba akajibu haraka kwamba ni yeye. Baadaye Mzee Simeoni alimfuata, akamwambia, Nathanaeli, huna hakika. Baba akamjibu kwamba asubuhi ile ile Simeoni alikuwa amepokea barua kwamba mke wake amejifungua mtoto wa kwanza. "Wewe una mtoto utakayekwenda kumwangalia usoni," akamwambia. "Mimi bado sina. Acha iwe yangu." Akamkataza asilizungumze tena.

Mzee Simeoni alisema kwamba kila mwaka alipokuja na wale kuku alikuja na nia ya kumwambia sasa basi, tugawane. Na kila mwaka Baba alimpa chai na mkate wa moto, wakazungumza habari za mtama na ng'ombe, akarudi Ihanja bila kulitoa. Safari hii alikuwa amechelewa. Alilia sana yule mzee. Mimi sikujua nimshike wapi.

Mama ndiye aliyemtuliza. Alisema, "Sasa nimeelewa kwa nini kila ukija ulikuwa unamwamkia shikamoo, na wewe ndiye mkubwa wake." Mzee Simeoni akaitikia kwa kichwa. Nami nikakumbuka. Tulikuwa tunaisikia shikamoo ile kila mwaka, tukadhani ni mzaha wa maaskari.

Nitakuambia ukweli, nilimkasirikia Baba siku kadhaa. Nilijiuliza mtu anawezaje kujitwisha mzigo ambao pengine haukuwa wake, akaubeba mpaka ukamgharimu mtoto wake wa mwisho. Nilipokuwa nakanda nilikuwa nalipiga lile donge kwa hasira. Hasira imekwisha yenyewe, sijui siku gani. Sasa nikikanda ninamwona tu kijana wa miaka ishirini na sita anachota maji kwa watu wasiotaka hata kumtazama, na kesho anarudi tena. Natamani ungemwona hivyo na wewe.

Mambo mengine ya nyumbani. Tanuri linaendelea. Wiki mbili za kwanza niliunguza mikate chini ikabaki mibichi katikati, nikataka kuacha. Watu wakanunua hivyo hivyo. Mama Scholastika alisema mbuzi wake hawachagui na yeye hachagui. Sasa ninaanza kupatia. Nakuambia hivi ili usije ukadhani nakuita urudi ushike kazi ya Baba. Hakuna anayekuomba hivyo. Una kazi yako huko na tunajivunia.

Tunachokuomba ni kuja. Kaburi tutalijengea mwezi wa Desemba, kabla ya Krismasi, mvua zikiruhusu. Mchungaji amekubali tarehe ishirini. Mzee Simeoni ameahidi kuwapo kama Mungu atamweka hai, na ameomba wewe hasa uwepo, ana ya kwake ya kukuambia. Njoo na Catherine na Kristina. Mama hajawahi kumshika mjukuu wake huyo. Kila nikiongea na ninyi kwa simu huniuliza baadaye, mtoto anafanana na nani, na mimi nabaki kubahatisha.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Leo baada ya ibada nilimsomea Mama yote, tangu mwanzo mpaka hapa, maana sikutaka kuituma bila yeye kuisikia. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alisema niongeze neno lake, na niliandike kama alivyolitamka, nisilipambe:

"Peniel, baba yako hakukukataa. Alikukatalia. Ni vitu viwili, mwanangu. Njoo nyumbani."

Msalimie sana Catherine, mwambie nimemwekea kitenge. Mbusu Kristina kwa ajili ya shangazi yake. Joshua anakusalimu, na Magreth anakuamkia shikamoo mjomba. Mama anakuombea kila jioni kwa jina lako kamili, wewe na nyumba yako.

Mungu wa Baba yetu awalinde njiani mkija, na awatangulie mipakani kote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu siku ulipozaliwa,

Dorkas